Mnara Uliochomwa na Wafiwa

Kutoka Sulaymaniyah, kaskazini mashariki mwa Iraki, barabara inakata tambarare ya Shahrizor kuelekea milima ya Hawraman, na ng'ambo ya milima hiyo ni Iran. Msimu wa makomamanga wachuuzi hujipanga kandokando, na dereva wangu hakukubali tupite bila kununua. Kwa wenyeji, Halabja, mji tuliokuwa tunauendea, inajulikana kwa makomamanga. Sisi wengine tunaijua kwa gesi.

Mnara wa kumbukumbu umejengwa mfano wa vidole vya zege vinavyoelekea juu. Chini yake kuna ukumbi wa duara, na ukutani yamechongwa majina ya waliokufa, ukoo kwa ukoo. Niliacha kuyasoma mapema. Jina la baba likifuatwa na majina ya wanawe wote, hesabu inatosha. Tarehe 16 Machi 1988 ndege za Saddam Hussein, mtawala wa Iraki wakati huo, ziliumwagia mji huu gesi ya haradali na sumu za neva, siku chache baada ya wapiganaji wa Kikurdi, Peshmerga, kuingia pamoja na jeshi la Iran. Walikufa watu wapatao 5,000. Wengi walikuwa wamekimbilia vyumba vya chini ya ardhi, maana ndivyo walivyozoea kujikinga na mabomu. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikawafuata hukohuko. Walionusurika husimulia kwamba ilinukia matufaha.

Mwaka huohuo serikali iliendesha kampeni ya kuangamiza vijiji vya Wakurdi, ikaipa jina la sura ya nane ya Kurani: Anfal. Wakurdi wanahesabu wafu 182,000. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kati ya 50,000 na 100,000. Ali Hassan al-Majid, aliyesimamia yote hayo, alinyongwa mwaka 2010. Frans van Anraat, mfanyabiashara wa Kiholanzi aliyeiuzia Iraki malighafi ya gesi, alihukumiwa kifungo huko The Hague mwaka 2005. Kwenye makaburi ya Halabja kuna kibao kinachowakataza wafuasi wa Baath, chama cha Saddam, kuingia.

Lakini habari iliyonikaa zaidi ni ya 2006. Siku ya kumbukumbu, tarehe ileile 16 Machi, wenyeji waliuvamia mnara wakauchoma moto. Si maadui, ni watu wa Halabja wenyewe, wengi wao vijana. Walichoshwa na viongozi wa Kikurdi waliokuja kila mwaka na wageni wao, wakapiga picha, wakaondoka, huku mji ukibaki bila barabara wala maji ya kueleweka. Kijana mmoja aliuawa kwa risasi. Jengo limekarabatiwa, na mgeni asiyeuliza anaweza kutoka asijue. Kwangu mimi moto ule ulistahili ukuta wake humo ndani.

Mjini tuliketi kwa mzee mmoja muuza chai, ambaye kila sentensi yake ilikatwa na kikohozi. Haradali haimalizani na mapafu. Dereva alitafsiri.

"Mzee wangu, uliuunga mkono moto ule?"

"Wanangu walikuwapo," alisema. "Sikuwazuia."

Aprili 2025 bunge la Baghdad liliidhinisha Halabja kuwa mkoa kamili. Nilipomtajia, mzee aliuliza kama mkoa huo utakuwa na daktari wa mapafu, maana yeye dawa ya kuvuta anaifuata Sulaymaniyah, na nauli ni yake.