Neno "Hajawahi"

Kuna maneno mafupi yenye uzito wa gunia la maharage. Mojawapo ni "hajawahi". Kijana mwenzangu uliyemaliza kidato cha nne ukabaki kuzunguka na bahasha ya vyeti, bila shaka umeshakutana nalo. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi ya miaka ya karibuni yamekuwa na sharti kwamba mwombaji awe hajawahi kutumia madawa ya kulevya ya aina yoyote. Si mwaka huu, si tangu amalize shule. Hajawahi, basi.

Hapa Kabanga, karibu na Kasulu mjini, mimi najulikana kama mtu wa kalamu. Riwaya yangu bado imelala kwenye madaftari manne, lakini barua za maombi nimetunga nyingi kuliko sura za riwaya. Wenzangu wanakuja, natunga, wananakili kwa mwandiko wao. Mwaka jana akaja jamaa mmoja tuliyesoma naye, anatafuta kazi ya magwanda. Jeshi lipi, si neno.

"Kaka, nitie maneno mazuri. Pale pa madawa, weka sijawahi."

"Na ule msuba wa standi?"

"Ilikuwa miezi mitatu tu! Nilikuwa na miaka kumi na saba, nabeba magunia. Tangu hapo sijagusa hata sigara, na wewe shahidi."

Kweli, mimi shahidi. Tatizo ni kwamba shahidi siko peke yangu. Akakaa kimya, kisha akasema, "Nikisema kweli, wananikata. Nikidanganya, wapo wanaonijua."

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza juu ya huu upekuzi. Kwetu upekuzi hauishii kwenye makaratasi. Anaulizwa mwenyekiti, anaulizwa jirani, anaulizwa hata muuza duka. Nia yake naielewa. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 inaitaja bangi waziwazi, na kuivuta ni kosa. Mimi mwenyewe sitaki mvutaji ashike bunduki usiku mtaani kwetu. Lakini nia nyingine ya upekuzi ni kupata mtu asiyeweza kushikwa shingo kwa siri yake. Sasa jamaa akiingia kazini kwa "sijawahi" ya uongo, yeyote aliyevuta naye pale standi ameshika kamba. Siku moja atakuja kuivuta: "Afande, nisaidie kidogo, au niseme?"

Nikatafuta wenzetu wa mbali wanafanyaje. Marekani mwaka 1987 Douglas Ginsburg, aliyependekezwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile, alijitoa baada ya kujulikana kwamba aliwahi kuvuta bangi. Baadaye fomu yao ya upekuzi kwa wanaotaka kuaminiwa na siri za serikali ilikuwa ikiuliza matumizi ya miaka 7 iliyopita. Desemba 2021 mkuu wa idara zao za ujasusi, Avril Haines, alitoa mwongozo kwamba bangi ya zamani izingatiwe, ila peke yake isiamue. Anayeendelea kuvuta bado ana shida, na anayeficha kwenye fomu ana shida kubwa zaidi. Maana yake mkweli ameachiwa mlango, hata kama ni mwembamba.

Sisemi tuige kila kitu. Nasema swali liwe na tarehe. Mara ya mwisho lini? Umeishije tangu hapo? Mkojo upimwe, majirani waulizwe, lakini aliyeacha asiwekwe kapu moja na anayevuta.

Barua ya jamaa niliitunga yote, nikaacha mstari mmoja wazi aujaze mwenyewe. Hakuujaza. Siku ya mwisho ya maombi ilimkuta shambani kwa mama yake, anang'oa mihogo. Kijana aliyekuwa akileta ile misokoto pale standi naye aliomba. Yeye mstari ule aliujaza pale pale mbele yangu, bila kupepesa macho, tena akaniomba nimwazime kalamu.

Kama sharti linamrudisha mkweli shambani na kumpitisha huyu, basi halijapima bangi. Limepima nani anajua kudanganya. Na huyo ndiye tutakayemkabidhi siri za nchi?