Uwanja wa Nyumba na Haki Zake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeifanya ardhi kuwa tandiko kwa viumbe Vyake. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, s.a.w., na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakalidharau, nalo ni majani ya uwanja wa nyumba. Sisi tukaao Mloka, kando ya mto Rufiji, karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, twasikia rai mbili juu ya jambo hili. Vijana wafanyao kazi katika kambi za watalii huona huko majani mabichi yaliyokatwa sawasawa, wakarudi nyumbani na hamu ya kuwa na mfano wake. Wazee nao hushikilia uwanja mweupe, uliofagiwa tangu alfajiri, usio na hata unyasi mmoja. Mzee mmoja jirani yetu, alipotuona twapanda ukoka mbele ya chuo, alituambia, "Maalim, majani mlangoni ni dalili ya nyumba iliyohamwa."

Neno lake lina asili. Majani marefu ni maficho ya nyoka, na katika nchi yetu ni maficho ya simba pia. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 katika Tanzania, na Rufiji ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoonja msiba huo. Basi mtu wa huku afyekapo hatafuti urembo, bali ahifadhi roho za watoto wake. Nayo dini imetufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Tena iko Hadithi katika mkusanyo wa Tirmidhi iamrishayo kusafisha viwanja vya nyumba. Na ijapokuwa wanazuoni wameona udhaifu katika sanadi yake, maana yake yaafikiana na mafundisho mengine ya usafi.

Lakini usafi si upara. Ardhi ifagiwayo kila siku hupoteza udongo wake kidogo kidogo. Masika yajapo, matone hupiga ardhi tupu, maji yakachimba vifereji na kula msingi wa nyumba. Hayo tuliyaona chuoni petu: mvua ilichimba chini ya kizingiti hata watoto wadogo wakawa hawawezi kuingia ila kwa kushikwa mkono. Ndipo tukaugawa uwanja. Hatua tatu kutoka ukutani hufagiwa kama zamani. Baada ya hapo ni ukoka, nao hukatwa mfupi. Hivyo nyoka apitapo huonekana, na udongo hubaki mahali pake.

Ukoka hauhitaji gharama. Mvua za masika zianzapo, chukueni vipande vyake vyenye mizizi, mvipande mbalimbali kwa kadiri ya shibiri moja, navyo vitatambaa na kuonana. Samadi iwe iliyooza barabara. Mkatapo kwa fyekeo, msiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mara moja, kwani jani likatwalo mno hudhoofisha mzizi, na magugu huingia penye upenyo. Chini ya mwembe msijisumbue: ukoka wapenda jua. Wala msiuache uvuke kwenda shambani, maana huko ni adui wa mkulima. Chimbeni mfereji mdogo wa mpaka, na mkate kila kitawi kiuvukacho.

Sasa twafikia jambo lililotufanya tushike kalamu. Desturi ya uwanja wa majani mabichi mwaka mzima ilikuzwa sana Uingereza, ambako Edwin Budding alibuni mashine ya kukatia majani mwaka 1830. Huko mvua hunyesha katika kila majira, na mbingu ndiyo imwagiliayo. Kwetu kiangazi hushika miezi, na maji ya mto huu yana mamba. Ndoo ichotwayo mtoni huchotwa na mtu, na aghalabu mtu huyo ni mama au binti. Je, yafaa binti apelekwe penye mamba ili majani yapendeze machoni pa wapita njia? La, hasha! Huo si uzuri, ni israfu iliyochanganyika na dhuluma.

Wakati wa kiangazi uacheni ukoka ugeuke rangi ya mchanga. Haukufa; umelala, na mvua ikinyesha utaamka. Mtakaye kuusaidia, tegesheni karai mahali mtawadhapo. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi maji yaliyokwisha kutumiwa kwa udhu wa faradhi hayatwahirishi tena, lakini yenyewe ni twahara, na mmea hauyakatai.

Enyi vijana, uwanja una haki tatu: haki ya watoto wachezao juu yake, wasifichiwe madhara, haki ya ardhi, isivuliwe nguo yake, na haki ya yule abebaye maji, asitwishwe mzigo kwa ajili ya fahari yetu. Atimizaye hizo tatu, uwanja wake ni mzuri, uwe wa kijani au uwe wa rangi ya mchanga.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu usalama na baraka. Amin. Wabillahi taufiki.