Si Jini, ni Jeni

Ilikuwa usiku wa Ramadhani, watu wanaingia kwa ajili ya tarawehe. Kijana wetu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 17, alifika mlangoni mwa msikiti akiyumba kama ilivyo kawaida yake, mkono mmoja ukitafuta ukuta. Mtu mzima mmoja aliyesimama pale akamshika bega, akamwinamia, akamnusa kinywa. Kisha akamwuliza, mbele za watu, amekunywa nini. Mwanetu alitaka kujibu, lakini ulimi wake nao ni mzito na maneno humtoka kwa kuvutika. Kila alivyozidi kujieleza ndivyo alivyozidi kufanana na mlevi. Alirudi nyumbani akiwa amefunga ushahidi wake moyoni. Hakutuambia kitu mpaka wakati wa daku.

Mzee yule alikuja baadaye kuomba radhi, nasi tumemsamehe. Ukweli ni kwamba wa kulaumiwa tulikuwa sisi. Kwa miaka mitano tuliuficha ugonjwa wa mwanetu kama aibu ya nyumba, na hapakuwa na mtu hata mmoja msikitini aliyeambiwa kwa nini kijana yule anatembea vile. Ndiyo maana leo, kwa idhini yake mwenyewe, tunaandika.

Mambo yalianza alipokuwa na miaka 12. Ustadhi wake wa chuoni alituita akatuonesha daftari: hati ya Kiarabu iliyokuwa nzuri mwaka uliotangulia sasa ilikuwa inapanda na kushuka. Ustadhi alidhani ni uvivu. Baada ya miezi kadhaa akaanza kujikwaa mahali pasipo na kitu. Akawa anaanguka katika safu wakati wa kuinuka kutoka kwenye sijda, na usiku ndio ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa gizani hakujua miguu yake iko wapi.

Katika ukoo lilipita neno moja tu, kwamba mtoto amekaliwa na jini. Hatuikani ruqya ya kisheria, wala hatukanushi kuwepo kwa majini, maana Qur'ani imekwisha kulisema hilo. Lakini tunakiri kwamba tulivuka mpaka, tukaenda hata kwa watu ambao Muislamu hastahiki kuwaendea. Miaka miwili iliteketea huko, pamoja na kiwanja kimoja. Hospitalini nako hatukupata mwanga upesi. Mahali pamoja tuliambiwa ni upungufu wa damu, pengine tukaambiwa ni polio iliyojificha.

Aliyetufungulia mlango ni daktari bingwa wa mishipa ya fahamu jijini Dar es Salaam. Alimsimamisha mtoto akiwa ameunganisha nyayo, akamwambia afumbe macho. Papo hapo akaangukia mikononi mwetu. Akamgonga magoti kwa kinyundo, miguu isiruke. Akatazama unyayo ulioinuka kama upinde na uti wa mgongo ulioanza kupinda. Kisha akatugeukia sisi, akauliza kwa upole: "Nyinyi wawili mna udugu?"

Tulitazamana. Baba zetu ni ndugu wa tumbo moja, wajukuu wa watu waliotoka Hadhramaut wakakaa Tanga.

Ugonjwa wenyewe unaitwa ataksia, neno la Kigiriki lenye maana ya kukosa utaratibu. Ziko aina nyingi. Hii ya kwetu ni ataksia ya Friedreich, kwa jina la tabibu wa Ujerumani aliyeanza kuieleza mwaka 1863. Misuli haikuharibika. Kilichoharibika ni neva zinazopeleka habari za viungo kwenye uti wa mgongo, pamoja na sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo. Akili ya mgonjwa hubaki timamu, na hilo ndilo watu husahau wanapozungumza naye kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mchanga. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara aina hii ni nadra sana. Huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na Bara Hindi. Basi madaktari wetu wa mwanzo tunawapa udhuru.

Kabla ya kukata shauri, daktari alitaka kwanza damu ipimwe vitamini E. Tunaomba wazazi wenzetu wasimame kidogo hapa. Iko ataksia nyingine inayofanana mno na hii, ambayo chanzo chake ni mwili kushindwa kuihifadhi vitamini hiyo. Ilichunguzwa sana katika familia za Tunisia, na chimbuko lake katika jeni likajulikana katika miaka ya 1990. Huyo mgonjwa akipewa vitamini E kwa kipimo kikubwa, maisha yake yote, ugonjwa husimama, na akiwahiwa mapema huweza kupata nafuu. Hebu fikirini mtoto kufikia kiti cha magurudumu kwa kukosa vidonge vya vitamini! Tuliomba sana iwe hiyo. Haikuwa.

Sampuli ikapelekwa India. Majibu yaliporudi tulielezwa hivi: kila mtu ana jeni iitwayo FXN, iliyotambuliwa mwaka 1996, ambayo kazi yake ni kuuagiza mwili utengeneze protini ya frataksini. Protini hiyo inahitajika katika vile vijumba vidogo vya kuzalisha nguvu ndani ya seli. Ndani ya jeni hiyo kuna herufi tatu zinazojirudia. Kwa mtu mzima wa afya hurudia chini ya mara 40. Kwa wagonjwa wengi hurudia mara mamia. Frataksini hupungua, na seli za neva na za moyo hudhoofika pole pole. Waliotuambia "jini" walikosea herufi moja tu.

Na hapo ndipo maneno mengine ya ukoo yalipokatika. Mama mzazi alikuwa amebebeshwa lawama kwa miaka, eti tumbo lake ndilo lenye kasoro. Kumbe ili mtoto augue ni lazima arithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Sisi sote wawili tunaibeba, nasi ni wazima, kama vile wazazi wengi wa watoto wenye selimundu walivyo wazima. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni robo, na uwezekano wa kuibeba tu bila kuugua ni nusu. Mmoja wetu alilia daktari alipolisema hilo. Hakuwa mama.

Kuhusu dawa, Mtume (S.A.W.) ametuamuru tujitibu, na ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Kwa ataksia ya Friedreich tulisubiri zaidi ya miaka 150. Tarehe 28 Februari 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza, omaveloksoloni, kwa wagonjwa wenye miaka 16 na kuendelea, na Ulaya ikafuata mwaka 2024. Haiponyi, hupunguza kasi ya ugonjwa, na anayeitumia hufuatiliwa ini na moyo wake. Bei iliyotangazwa Marekani mwaka 2023 ilikuwa takriban dola 370,000 kwa mwaka. Tuliisoma namba hiyo mara mbili, kisha tukaizima simu. Wataalamu wengine wanajaribu kuupelekea moyo jeni iliyo salama, nasi tunaombea majaribio hayo usiku na mchana, lakini mtoto hawezi kuishi kwa habari za majaribio.

Anaishi kwa matunzo, na matunzo hayo kwa sehemu kubwa yamo ndani ya uwezo wetu. Moyo wake hupimwa kila mwaka, kwa kuwa moyo ndio unaowaua wengi wa wagonjwa hawa. Sukari pia, maana kisukari huwajia baadhi yao. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea vyuma viwili sambamba kwa mabomba ya maji, navyo viko uani. Hufanya mazoezi hapo kila baada ya Alasiri, jinsi mtaalamu wa viungo alivyomfundisha. Chai hujazwa nusu kikombe. Anapokula hukaa wima, tonge ndogo, wala hachekeshwi, kwa sababu koo lake nalo limepungukiwa utaratibu na chakula huweza kuingia njia ya hewa. Udhu hutia akiwa ameketi. Swala yake ni ya kiti, naye hana unyonge nayo, maana Imran bin Huswayn alipokuwa mgonjwa Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Na usomaji wake wa Qur'ani, uliokuwa ukimtoa machozi kwa kukwama kwenye makhraja, aliurudia siku ustadhi alipomkumbusha kuwa mwenye kusoma kwa taabu ana ujira mara mbili.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotusukuma hasa kushika kalamu. Mwaka huu binti yetu mkubwa aliposwa na mtoto wa ami yake, kijana mwema, mswalihina. Sheria haikuharamisha ndoa hiyo, na sisi ni mashahidi kuwa inaweza kuwa ndoa ya raha. Lakini ndugu mzima wa mgonjwa ana nafasi mbili kati ya tatu za kuibeba jeni hiyo, na mposaji ametoka katika ukoo ule ule. Baadhi ya wazee walitusihi tunyamaze: mambo kama haya hayatajwi kwenye posa. Tuliwakumbusha kwamba Saudi Arabia, tangu mwaka 2004, wachumba hupimwa selimundu na thalasemia kabla ya nikaha, na matokeo hayawalazimishi kuachana. Huwapa tu ujuzi. Hawakuridhika. Ami mtu aliondoka bila kumaliza kahawa yake.

Aliyeamua ni kijana mwenyewe. Alirudi siku ya tatu, akasema atapimwa, na binti akasema naye atapimwa. Sampuli zao zilisafiri mwezi uliopita. Posa haijakubaliwa wala haijakataliwa.

Ijumaa hii mwanetu, ambaye sasa ana miaka 20, alikwenda msikitini kama kawaida. Mwisho wa safu ya kwanza kuna kiti chake cha plastiki, na anayekiweka kila wiki ni yule yule mzee wa mlangoni. Majibu ya wale wawili hayajarudi. Binti hatumwulizi kitu, ila tunaona kwamba kila simu inapolia, hutazama namba kwanza.