Maji yaliyolala bombani

Kama una gesti ndogo yenye hita ya jua, hili linakuhusu. Mimi nina vyumba vitatu. Masika wageni walikatika, kimoja kikafungwa wiki tatu. Akaja baba mkwe, mzee mwenye kifua. Nilipomfungulia bomba la mvua, yalitoka maji vuguvugu yenye kutu. Nikamwambia, "Mzee subiri, nikuletee ndoo."

Maji ya namna hiyo, yaliyosimama kwenye nyuzi 20 hadi 45, ndiyo bakteria wa lejionela huzaliana. Kwa kawaida hawakupati kwa kunywa. Unawavuta na manyunyu, wanashuka mapafuni, wanaleta nimonia kali. Walijulikana baada ya watu kufa kwa mkutano wa hotelini Philadelphia, Marekani, 1976.

Sasa tangi la moto nalipandisha hadi nyuzi 60. Jua likififia nawasha umeme, ingawa Luku inauma. (Nyuzi 60 zinababua, changanya na baridi.) Chumba kikilala wiki, nafungua mabomba yote dakika kadhaa, kichwa cha bomba la mvua kikiwa ndani ya ndoo yenye maji ili manyunyu yasiruke. Chokaa yake naitoa kwa siki.

Mzee aliogea ndoo siku mbili, akininung'unikia.