Panya ametoroka, maharagi yangali ghalani



Juma lililopita nilimkaripia binti yangu bure, na chanzo kilikuwa kishale kidogo cheupe cha kompyuta. Ninawaandikia kwa sababu vikundi vyetu vya akiba, huku Masisi na kule Walikale, vinaanza kuweka hesabu katika mashini, na yaliyonipata yanaweza kumpata mwandishi yeyote.

Ilikuwa siku ya tano, jioni. Kesho yake, siku ya posho, tulipaswa kugawana akiba ya mwaka mzima. Daftari kubwa la kikundi lilipotea tulipokimbia vita, na wamama wanne hawakuwa hata na vitabu vyao vidogo. Basi mchana kutwa wamama walikuja kuketi nami, mmoja mmoja, kila mmoja na mashahidi wake wawili: alinunua hisa ngapi, alikopa kiasi gani, amebakiza deni gani. Wote 27. Niliandika kila kitu katika mashini ndogo tuliyoazimwa, nao wakarudi nyumbani kupika. Nami sikuwa nimehifadhi kazi ile hata mara moja.

Nikaenda kuchochea makala. Niliporudi, nikapangusa vumbi juu ya vitufe kwa upindo wa kitenge. Nikapitisha kidole kwenye kile kibao laini kilicho chini ya vitufe: kishale hakuna. Nikapitisha tena, hakuna. Binti yangu alikuwa ameketi karibu. Nikapaza sauti: “Umegusa nini?” Akalia, akaapa kwamba hakugusa kitu. Sikumwamini.

Nilimwita kijana anayetengeneza simu. Akatazama mara moja tu, akasema mashini imeharibika, ni lazima kuiformati, nilete franka 20,000. Wamama, neno hilo mlijue: kuformati ni kufuta vyote vilivyomo. Nilikuwa karibu kukubali, maana moto wa betri ulikuwa umebaki asilimia 14.

Hapo akaingia mama mwekahazina. Hakusoma shule, lakini hesabu za kikundi anazo kichwani. Nikamweleza kwamba panya amepotea. Akaniuliza: “Mwalimu, panya ametoroka, sawa. Na maharagi, yangali ghalani?”

Nikatazama kioo. Majina yote 27 yalikuwepo, na hesabu zao kando. Kilichopotea kilikuwa kishale tu.

Nilimshukuru yule kijana, akaenda. Kisha nikatulia, nikafanya kama ninavyowafundisha wanafunzi: anza na unachokijua.

Kwanza, je, mashini iko hai? Bonyeza kitufe cha herufi kubwa. Kama taa yake ndogo inawaka na kuzimika, mashini inakusikia.

Pili, hifadhi kazi kabla ya kutafuta ugonjwa. Shikilia kitufe cha Ctrl, bonyeza S. Kikitokea kidirisha kinachoomba jina, andika jina, kisha bonyeza Entrée. Kishale hakihitajiki. Nilipomaliza hapo, moyo wangu ulishuka.

Tatu, sasa mtafute panya. Kama unatumia panya wa waya, chomoa waya, uuchomeke mahali pengine. Mgeuze tumboni: wengi wana taa pale, na isipowaka, huenda waya umekatika. Kama ni kibao cha kidole, chunguza mstari wa juu wa vitufe, ule wa F1 hadi F12. Mashini nyingi zina kitufe chenye picha ya kibao au ya kidole. Kazi yake ni kufunga kibao na kukifungua. Kwenye mashini nyingine unakibonyeza peke yake, kwenye nyingine unashikilia kwanza Fn.

Nne, kama bado hakuna kitu, na kazi imekwisha kuhifadhiwa, izime mashini na kuiwasha tena. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na D, kisha Alt pamoja na F4, kisha Entrée. Itazimika vizuri, bila kukatiwa moto ghafula.

Sikufika hatua ya nne. Kwenye mashini yetu picha ya kibao iko juu ya F9, na kitufe hicho hakihitaji Fn. Nilikibonyeza mara moja, kishale kikarudi. Hapo nikakumbuka kitenge changu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekifunga kibao nilipokuwa nikipangusa vumbi.

Nilimwendea binti yangu kitandani. Nilimwambia: “Mama alikosa. Wewe hukugusa.” Alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza kama kesho ninaweza kumwonyesha kitufe hicho. Nilimwonyesha.

Siku ya posho kila mama alipokea haki yake, na wale wanne pia. Tangu siku hiyo tumekubaliana mambo matatu. Tunabonyeza Ctrl na S kila tunapomaliza mama mmoja. Tunanakili hesabu katika daftari la karatasi, ambalo halikai nyumba moja na mashini. Na wamama wawili wengine wanajifunza mashini pamoja nami, ili kikundi kisitegemee mikono ya mtu mmoja.

Mwingine akikuambia mashini imekufa, usitoe franka kwanza. Uliza kama maharagi yangali ghalani.

Dada yenu, mwalimu.