Tunahesabu Miche, Tunasahau Visiki

Kila Desemba, mvua zinapoanza hapa Dodoma, viongozi, watumishi na wanafunzi hushika majembe na kupanda miti. Nami nimeshiriki mara nyingi. Picha hupigwa, idadi ya miche hutangazwa, kisha kila mmoja hurudi kwenye shughuli zake. Ni nadra kumsikia mtu akitangaza, mwezi wa Oktoba, idadi ya miche iliyobaki hai.

Siandiki haya ili kuwanyooshea wengine kidole. Miaka michache iliyopita nilipanda miche hamsini katika shamba la familia yetu, wilayani Chamwino. Kabla ya kupanda, nilimlipa kijana mmoja ang'oe visiki vilivyokuwamo, ili shamba liwe safi. Mama mkubwa, ambaye ndiye anayeishi pale, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo unayoing'oa ndiyo miti." Nilicheka. Mimi si ndiye msomi? Upande wake wa shamba hakuruhusu kisiki hata kimoja kiguswe.

Mwaka ule mvua zilikatika Februari. Nyanda hizi za kati hupata msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Mche uliopandwa Desemba una miezi minne au mitano ya kushusha mizizi, kisha hukabiliana na miezi saba ya ukame, upepo, mchwa na mbuzi. Kadiri joto linavyozidi na mvua zinavyopoteza mpangilio, muda huo mfupi unazidi kuwa wa bahati nasibu. Ilipofika Oktoba, miche yangu iliyobaki hai ilikuwa minne. Upande wa pili, migunga ya mama mkubwa, ambayo aliipunguzia machipukizi na kubakiza mawili au matatu yaliyonyooka katika kila kisiki, ilikuwa imenipita kimo.

Hapakuwa na muujiza. Mche huanza safari ya kutafuta maji siku ile unapopandwa, lakini kisiki kina mizizi iliyokwisha kufika chini zamani. Nchini Niger, katika eneo la Maradi, Tony Rinaudo alianza kuieneza njia hii miongoni mwa wakulima mwaka 1983, na leo mamilioni ya hekta za mashamba yao yana miti tena. Hapa Dodoma, LEAD Foundation na Justdiggit wanaifundisha kwa jina zuri la Kisiki Hai. Nasi tuna ushahidi wa zamani zaidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibiwa na mmomonyoko. Nyasi na miti vilirudi, sehemu kubwa pasipo mkono wa mpandaji. Lakini yalifanyika kwa amri, na mzigo wake waliubeba wafugaji.

Swali la nani anaubeba mzigo ndilo lililonirudia mwaka jana. Nilikwenda shambani nikakuta migunga miwili imekatwa. Mama mkubwa alikuwa ameichoma mkaa ili apate fedha za matibabu ya mjukuu. Nilianza kumlaumu. Alininyamazia hadi nilipomaliza, kisha akauliza kwa upole, "Na huko mjini, mwanangu, mnapikia nini?"

Sikuwa na jibu. Nyumbani kwangu kulikuwa na magunia mawili ya mkaa, nami sikuwahi kuuliza yalikotoka.

Yeye alikuwa ameikata kwa kuacha kisiki, na machipukizi yalikwisha kuanza. Kisiki huvumilia shoka, ila hakivumilii kung'olewa, wala kukatwa mfululizo bila kupumzishwa. Kinachoamua muda wa kupumzika ni shida ya mkulima na hamu ya jiji linalokua kwa kasi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi. Ni lengo jema. Hata hivyo, kujaza mtungi wa gesi kunahitaji fedha za mkupuo, ilhali mkaa hununuliwa hata kwa sado. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo inaviruhusu vijiji kutenga na kusimamia misitu yao. Kijiji kisichopata chochote kutokana na msitu wake kitaulinda kwa sababu gani?

Kwa mtazamo wangu, mustakabali wa miti ya nyanda hizi hautegemei sana vitalu vya miche. Unategemea kama anayekiacha kisiki kikue anapata njia nyingine ya kumtibu mjukuu wake, na kama sisi wa mjini tuko tayari kulipia gharama hiyo.

Desemba ijayo sitanunua miche. Nitakwenda Oktoba, nimsaidie mama mkubwa kupunguza machipukizi na kuhesabu. Jikoni kwangu sasa kuna gesi. Gunia moja la mkaa bado liko stoo, nami sijaamua la kulifanya.