Mtani Aliyebaki Uwanjani

Kwa miaka kumi na minne nilimwombea Novak Djokovic ashindwe. Sikumtakia maradhi wala ajali. Nilitaka tu mpira wake ugonge wavu na kudondokea upande wake. Nilianza Januari 2008, alipomtoa Roger Federer nusu fainali kule Melbourne, nikaacha Septemba 2022, Federer alipotundika raketi. Idadi ya dua zangu siijui. Zilizojibiwa nazikumbuka zote, kwa sababu zilikuwa chache.

Leo nina miaka sabini na moja, na mtu yuleyule akiingia uwanjani namwombea ashinde. Mjukuu wangu anasema babu umegeuka. Sijageuka, mama. Kaa nikueleze.

Tenisi niliijua utotoni. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilikuwa mwokota mipira katika klabu moja ya Dar es Salaam. Raketi zilikuwa za mbao, na zikimaliza kazi zilifungiwa katikati ya fremu ya mbao yenye skrubu nne pembeni, zisije zikapinda kwa unyevu wa bahari. Kukaza skrubu zile ilikuwa kazi yangu, na ole wako ukaze upande mmoja kuliko mwingine. Mipira ilikuwa myeupe. Ikishika udongo mwekundu hadi haionekani vizuri, ndiyo ilikuwa yetu.

Lakini wachezaji wakubwa wa dunia sikuwaona. Arthur Ashe alipomshinda Jimmy Connors Wimbledon mwaka 1975, nilisikia redioni. Borg na McEnroe, na ile taibreki yao ya 18 kwa 16 mwaka 1980, redioni vilevile. Huku bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Mashujaa wa ujana wangu kwangu ni sauti tu, na kwa miaka mingi niliamini Borg ni mtu mnene, sijui kwa nini.

Kwa hiyo kizazi cha kwanza nilichokifuata kwa macho, mechi baada ya mechi, ni hiki cha Federer, Rafael Nadal na Djokovic, na Andy Murray pembeni yao. Nilikuwa na mvi tayari. Kwa umri ni watoto wangu, ila nimezeeka nao: goti lao likiuma, na langu linauma.

Kijiweni kwetu, kwenye kahawa, tulikuwa watatu tuliougua ugonjwa huu. Wengine wote ni Simba na Yanga, wakituona wanasogeza mabenchi. Mimi niliitwa Mswisi. Wa pili, Mnyamwezi wa Tabora aliyestaafu reli, alikuwa wa Nadal, tukamwita Mhispania. Wa tatu aliitwa Mserbia, na huyo alimchagua Djokovic kwa sababu moja tu: sisi wawili hatukumtaka.

Mwaka 2010, Afrika nzima ilipokuwa inatazama Kombe la Dunia la Afrika Kusini, sisi watatu tulikuwa sebuleni kwa Mhispania tukiwatazama John Isner na Nicolas Mahut, watu ambao wiki moja kabla tusingewajua tukikutana nao Kariakoo. Walicheza siku tatu, saa 11 na dakika 5, na seti ya mwisho ikaisha 70 kwa 68. Ubao wa matokeo ulifika 47 kwa 47 ukaganda; waliouunda hawakudhani binadamu watafika huko. Siku ya tatu mke wa Mhispania aliingia na chai, akatazama, akauliza, "Hawa hawana kwao?"

Wivu wetu ulikuwa wa kitoto. Nadal nilimsema kwa chupa zake, zile mbili alizopanga mbele ya kiti, lebo zimetazama uwanjani, na yale mambo yake kabla ya kuanzisha mpira: avute kaptula nyuma, aguse mabega, pua, nywele nyuma ya sikio, pua tena. Mhispania naye akasema Federer hatoi jasho kwa kuwa hafanyi kazi. Fainali ya Wimbledon ya 2008, ile ya mvua na giza, ilikwisha yapata saa tano na robo usiku kwa saa zetu, Nadal akishinda 9 kwa 7 seti ya tano. Nilirudi nyumbani kwa miguu bila kuaga. Siku iliyofuata kahawa yangu ilikuwa imelipiwa.

Hiyo ya 2008 niliimeza. Ya 2019 haikumezeka.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 14 Julai. Niliamua kutazama nyumbani peke yangu, kwa kuwa nyumba ya Mhispania ilishaniletea nuksi. Federer ana karibu miaka 38. Seti ya tano, anaongoza nane kwa saba, anaanzisha yeye, arobaini kwa kumi na tano. Pointi mbili mkononi, na anahitaji moja tu. Saa mbili na kitu usiku. Umeme ukakatika mtaa mzima.

Nikafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: nikasherehekea. Mtu anayeanzisha mpira vile, akiwa na pointi mbili, kwenye nyasi alizotwaa mataji manane, hashindwi. Simu ilikuwa imeisha chaji, sikuwa na wa kumuuliza na wala sikuona haja. Nikaenda dukani na tochi, nikakopa kreti la soda, nikagawia watoto wa jirani. Walinishukuru, wakauliza tunasherehekea nini. Nikawaambia Uswisi.

Umeme uliporudi, Djokovic alikuwa ameshika kombe.

Baadaye nilisoma kwamba katika mechi ile Federer alipata pointi 218 na Djokovic 204. Ndiyo tenisi hiyo. Unaweza kumzidi mtu jioni nzima, akakuzidi mahali pawili patatu panapohesabika, ukaenda nyumbani na sinia la mshindi wa pili. Mserbia alibisha hodi saa tatu na nusu. Nilijiandaa kwa kejeli. Hakusema neno kuhusu mechi. Alitazama lile kreti, akaomba soda. Nikampa. Akainywa taratibu hadi tone la mwisho, akarudisha chupa kwenye tundu lake, akaaga.

Mhispania tulimzika mwaka 2023. Msibani, kama ilivyo desturi, alikuja mtani wake, Mzaramo, mzee mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Tulikuwa tumeketi kimya kwenye majamvi, maji ya chupa yamegawiwa. Yule mtani akachukua chupa mbili, akachuchumaa karibu na jeneza, akaanza kuzipanga. Akafumba jicho moja, akapima. Akasogeza moja kidogo, upana wa uzi. Akageuza lebo. Akasimama, akavuta suruali nyuma, akagusa bega la kushoto, la kulia, pua, sikio. Kumbe marehemu alikuwa akifanya hivyo mezani kila akila, miaka yote ile, na nyumba nzima inajua. Mjane aliyekuwa akilia tangu alfajiri akashika mbavu kwa kucheka. Kisha mtani akalala mlangoni, akasema jeneza halitoki mpaka alipwe. Tukamlipa.

Njiani kutoka makaburini nilinyamaza kwa muda mrefu, Mserbia akadhani ni majonzi. Nilikuwa namfikiria Djokovic. Mwaka 2007 kule New York, baada ya kumshinda Carlos Moyá, kijana huyu alisimama mbele ya uwanja uliojaa akamwigiza Maria Sharapova anavyoanzisha mpira, kisha akamwigiza Nadal, kaptula na yote. Watu walivunjika mbavu. Mimi nilisema mtoto huyu hana adabu. Mpaka leo kuna wanaosema hivyo. Mwaka 2011 aliposhinda Wimbledon kwa mara ya kwanza, akainama akang'oa nyasi akala. Nikasema na akili pia hana.

Sikuwa nimemwelewa. Alikuwa mtani wetu. Hakualikwa, alikuta watu wameshapendana, Federer na Nadal, na mashabiki wameshagawana nyumba. Akaingia, akawaigiza wapendwa wetu, akalala mlangoni, akadai malipo. Nasi tulilipa: fainali za Wimbledon za 2014, 2015 na 2019, zote tatu dhidi ya Federer. Leo ana mataji 24 ya Grand Slam, Nadal 22, Federer 20. Deni tulishalimaliza zamani.

Sasa kuna vijana, Carlos Alcaraz wa mwaka 2003 na Jannik Sinner wa 2001. Mjukuu wangu ni wa Alcaraz, kwa sababu, anasema, Alcaraz anacheka. Ni kweli anacheka, hata akikosa. Sinner ana uso wa karani anayekwambia fomu yako haijakamilika, lakini mpira unavyolia ukitoka kwenye raketi yake, mtu unasogeza kiti nyuma. Sina la kuwalaumu, ila moja: pigo la kinyume kwa mkono mmoja, lile la Federer, mkono ukifunguka kama mlango wa msikiti, linakufa. Februari 2024 ilikuwa mara ya kwanza tangu orodha ya ubora ianze mwaka 1973 kukosekana hata mchezaji mmoja wa pigo hilo katika kumi bora. Nilimweleza mjukuu kwa huzuni. Akaniuliza kama mikono miwili si ina nguvu zaidi. Ina nguvu zaidi. Nilikunywa chai yangu.

Fainali ya Paris ya Juni 2025 tulitazama naye. Sinner alikuwa na pointi tatu za ubingwa mfululizo, seti ya nne. Mtoto akajifunika uso kwa khanga. Mimi niliinuka nikaenda kuangalia mita ya umeme. Alcaraz aliziokoa zote tatu, akashinda baada ya saa 5 na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote zilizowahi kuchezwa pale. Mahali fulani Italia, kwao Sinner, natumaini, kuna mzee hakuwahi kukopa soda.

Lakini kilichonigeuza, kama nimegeuka, kilitokea wiki mbili kabla, tarehe 25 Mei, uwanja huohuo. Nadal, aliyestaafu Novemba 2024, aliletwa kuagwa pale alipotwaa mataji 14. Watu maelfu walivaa fulana za rangi ya udongo. Mserbia alikuja kutazama kwangu. Akatoa mfukoni chupa mbili ndogo za maji, akaziweka mezani mbele ya televisheni, lebo zimetazama kioo. Hakunitazama, nami sikumtazama.

Wakatokea Federer, Murray na Djokovic kumpokea Nadal. Federer amenenepa kidogo shavuni, amependeza, ni mtu aliyelala vizuri. Murray, aliyestaafu Agosti 2024, alikuwa ametoka tu kumfundisha Djokovic kwa miezi sita. Mpinzani wa miaka yote kageuka kocha, na hilo nalo ni utani. Wakakumbatiana, Nadal akalia, na pembeni ya uwanja wakafunua kibao chenye alama ya unyayo wake. Watatu kati yao walikuwa wageni waalikwa. Wa nne, jana yake tu, alikuwa Geneva akitwaa taji lake la mia, na Jumanne alikuwa na mechi.

Nilimwona Djokovic amesimama pale, siku tatu tangu atimize miaka 38, akipiga makofi. Siku yake ikifika, nani atakayemwigiza? Waliojua kumwigiza ndio hao wanaoagwa.

"Mswisi," Mserbia akaniita, "unalia?"

Nikamwambia ni vitunguu. Mke wangu alikuwa hajawasha jiko.

Jumanne ile Djokovic alicheza na Mmarekani Mackenzie McDonald. Nilivaa kofia yangu ya Federer, ile nyekundu iliyochuja, nikaketi mapema. Alishinda 6-3, 6-3, 6-3, na soda nilinunua kwa fedha taslimu, baada ya mpira wa mwisho.